Kikwembe cha posa kiko sandukuni mwangu

Mama mshauri,

Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na ninaishi kwa unga: kila juma navuka Kasumbalesa kufuata unga wa mahindi Zambia. Mpaka ule naujua, na ndiyo sababu sipati usingizi.

Mdogo wangu ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwezi uliopita mama mmoja alileta posa ya mwanaume anayekaa Kitwe, huko Zambia. Mwenyewe hakuja, tumeona picha yake kwenye simu tu. Baba mdogo, aliyetulea tangu baba afariki, alipokea dola 600 na mbuzi, na pesa zikaishia kwenye deni la hospitali. Mimi nilipewa kikwembe, yaani kitenge. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Juma lililopita, huko Kitwe, nikamkuta binti wa avenyu yetu. Ni mama yule yule aliyempeleka mwaka jana. Hapa tulicheza harusi yake bila bwana harusi. Alikuwa nyuma ya duka, anafua. Huyo "mume" ana mke mwingine, na karatasi zote za binti anazishika yeye. Humwambia: nilikulipia, maliza deni kwanza. Aliniomba nisiseme kwao, maana mama yake ataambiwa arudishe mali.

Nilipoleta neno nyumbani, shangazi alinijibu mbele ya watu: "Wewe uliyeachika, unataka na mwenzako akose?" Nikanyamaza. Kwetu binti akiolewa ng'ambo ni sifa, hata kama hakuna ajuaye anakokaa; aibu ni ya yule anayerudi. Na mdogo wangu mwenyewe anataka kwenda, kutwa anajifunza Kiingereza kwenye simu.

Mwanasheria mmoja wa parokia aliniambia kwamba Kanuni ya Familia, tangu ilipobadilishwa 2016, inataka miaka 18 na ridhaa ya wanaooana, na kwamba tangu Desemba 2022 iko sheria inayoadhibu biashara ya watu. Yule mama wa posa naye anajua: kwenye kadi aliyomtafutia mdogo wangu, miaka ni 19.

Safari ni baada ya mtihani wa serikali. Nikienda polisi, wa kwanza kufungwa ni baba mdogo, jina lake ndilo liko kwenye karatasi ya mahari. Nikirudisha zile dola 600, ni mtaji wangu wote wa unga, na kesho anaweza kupokea za mwingine. Na huyu binti wa Kitwe, nimwendee mama yake, au nishike siri aliyonipa? Nianze na nani?

Dada mkubwa, Katuba