Wali wa jando na unyago watoke kabla shule haijafunguliwa

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA SHEREHE ZA LIKIZO

Assalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, na shikamooni wote mnaostahili.

Muhula umeisha salama. Ripoti za watoto mmekabidhiwa leo, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti, upande wa kulia. Naomba muisome kabla hamjaikunja, maana barua yangu yote inategemea tarehe hiyo.

Mwezi uliopita darasa la tano walipewa insha yenye kichwa "Sikukuu ya nyumbani kwetu". Nilikaa nazo jioni nikitegemea kusoma habari za Idi, Krismasi na pilau. Zimo, lakini chache. Wengi wameandika juu ya siku hela ya korosho ilipoingia, au siku dada alipotolewa unyagoni au kaka jandoni. Mmoja kaeleza jinsi baba yake alivyorudi kutoka mjini na mfuko wa mchele na viatu vya shule vilivyofungwa pamoja kwa kamba, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Nilimpa alama zote, ingawa nukta hazijui kabisa.

Basi hizo ndizo sikukuu zetu huku Masasi, na sikuandika ili kuzipinga. Mimi mwenyewe nilichezwa unyago. Siku niliyotolewa nilipakwa mafuta, nikavishwa khanga mpya, shangazi akanibeba mabegani huku watu wakinituza. Sitaisahau. Ila siisahau pia Jumatatu niliyorudi darasani. Nilikuwa la tano, na shule ilikuwa na wiki ya nne tangu ifunguliwe. Wenzangu walikuwa wanajumlisha sehemu zenye asili tofauti, mimi sijui hata asili ni ipi na kiasi ni kipi. Mpaka leo nikiandika sehemu ubaoni, mkono husita kidogo kabla ya kuchora kile kistari.

Januari iliyopita yamejirudia hapa hapa. Madawati ya nyuma yalikuwa matupu, na tukiuliza jibu ni moja: "Yuko ndani." Ninachoomba mwaka huu ni kwamba wali wote, wa kiume na wa kike, wawe wametoka kabla ya siku ya kufungua.

Hesabu yake si ngumu. Likizo ni kama wiki nne. Kijana akitahiriwa katika wiki ya kwanza, anapata muda wa kupona na wa kufundishwa. Akisubiriwa mpaka Krismasi ipite, shule itafunguliwa kidonda bado kibichi. Najua kwetu mjomba ndiye mwenye neno na hatuwezi kumruka. Basi mpigieni simu wiki hii, msingoje aje kula sikukuu ndipo mkae kikao. Na kukata kufanyike hospitali au kituo cha afya. Likumbi, yaani kambi ya jando, libaki na nyimbo na mafunzo yake, lakini wembe tumwachie mtaalamu.

Makungwi, walimu wa unyago, nanyi nawasihi kwa heshima. Usafi, hedhi, adabu kwa wakubwa: hayo yanamfaa binti wa darasa la tano, na mengine mnayasema vizuri kuliko sisi walimu. Ya kitandani yasubiri. Mtoto wa miaka 11 hana mume wala hatakiwi kuwa naye.

Kuna wanaosema shule na unyago haviwezi kukaa nyumba moja. Historia ya hapa haisemi hivyo. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, hakulipiga marufuku jando. Alilichukua akaliingiza kanisani, likawa na sala badala ya matambiko. Tena zamani jando lilikuwa la kiangazi, baada ya mavuno. Kalenda ya shule ndiyo iliyolivuta mpaka likizo za Juni na Desemba. Kama liliweza kusogea miezi, litashindwa kusogea wiki mbili?

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana si zangu. Malipo ya korosho yakiingia, nunueni kwanza sare na madaftari, ndipo mkodi muziki. Mwaka jana kuna nyumba ambako spika zilipiga siku tatu usiku kucha, na mtoto wao alikuja Januari na daftari moja la masomo yote. Hata majirani waliokesha wakicheza waliliona hilo.

Nawashukuru waliokuja siku ya kufunga. Darasa la pili waliimba nyimbo za Krismasi, na aliyewapigia dufu ni mtoto wa mwalimu wa madrasa, ambaye hakukosea hata pigo moja. Wazazi wa Kiislamu wanajua Ramadhani hutangulia siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na sasa inaangukia ndani ya muhula wa kwanza. Watoto wadogo wanaotaka kufunga waongee nasi kwanza, tujue nani hanywi uji.

Mwenye mwali mwaka huu, apite ofisini kabla ya Ijumaa aandikishe jina la mtoto na siku anayotarajiwa kutoka. Hakuna faini wala lawama. Nataka tu kujua, na nikialikwa, nitakuja na khanga yangu ya kutuza.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu