Barua ya Wazi kwa Gavana wa Nakuru: Mtoto wa Gundi Anahitaji Kitanda

Mheshimiwa Gavana,

Bwana asifiwe. Mimi ni mmoja wa akina mama wa kanisa tunaopika uji kila Jumamosi jioni na kuwapelekea watoto wanaolala kwenye vibaraza vya maduka mjini. Wengi wao hushinda jaa la Gioto wakiokota vyuma na plastiki, giza likiingia hushuka mjini. Wanatuita mathe, yaani mama.

Nakuandikia kwa sababu ya gundi. Ni ile ile ya fundi viatu, inayomiminwa kwenye kichupa cha plastiki, mtoto akakificha ndani ya mkono wa sweta na kukishikilia kwa meno. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,800, na baridi ya alfajiri ya Nakuru unaijua. Mtoto akivuta, baridi haisikii, njaa haisikii. Lakini tolueni, kemikali iliyomo ndani ya gundi hiyo, huharibu ubongo, na huweza kusimamisha moyo ghafla.

Mvulana mmoja, nadhani ana miaka 12, aliniambia mwaka jana: "Mathe, leo nataka kuacha." Nilimshika mkono tukaenda hospitali. Tukaambiwa hakuna wodi ya mtoto kama yeye. Mahali pengine walipokea watu wazima tu, tena wenye pesa. Nikamchukua kwangu. Siku tatu alitetemeka, akalia, akanitukana, akaniomba msamaha, usingizi hakupata. Niliomba, nikampa maziwa, nikaomba tena. Mimi ni mama, si muuguzi. Siku ya nne nilikuta mlango wazi. Jumamosi iliyofuata alipokea uji wake bila kuniangalia usoni.

Mtume Yakobo alituonya tusimwambie mhitaji aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Mheshimiwa, hicho ndicho ninachohisi tunawafanyia tunapoomba nao kisha tukawaacha kibarazani.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za afya, leseni za biashara na udhibiti wa dawa za kulevya. Tunaomba vitanda vichache katika hospitali ya kaunti kwa watoto wanaotaka kuacha, na muuguzi anayejua kazi hiyo. Na anayepewa leseni ya kuuza gundi akatazwe kummiminia mtoto.

Tafadhali, msako usiwepo. Mwaka 2019 watoto waliotolewa mitaa ya Nakuru walitelekezwa Baringo, upande wa msitu wa Chemasusu. Wengi tunaowalisha sasa walikuwa bado wadogo sana wakati huo, wamesimuliwa tu, lakini tukifika na gari wasilolijua hutawanyika, na huchukua majuma kuwarudisha karibu. Sheria ya Watoto ya 2022 humwona mtoto wa namna hii kuwa anahitaji malezi na ulinzi. Kumkimbiza kwa rungu si malezi.

Vitanda vikipatikana, sisi tutaleta chakula wodini, tutakesha na mtoto kwa zamu, na akipona tutamsindikiza hadi kwa shangazi au nyanya yake, kama yuko.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni huwa tuko karibu na Bustani ya Nyayo. Njoo, mheshimiwa, bila msafara, ili watoto wasikimbie.

Mama wa kanisa,
Nakuru