Ajali ya grenda huanzia stoo

Mhariri,

Fundi akijeruhiwa na grenda, yaani mashine ya mkononi ya kukatia na kusagia chuma kwa diski, neno la kwanza kusikika ni "uzembe". Tunaomba nafasi tueleze kwamba mara nyingi ajali hiyo imeanzia stoo, siku diski ziliponunuliwa.

Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski yake huwa imeandikwa kikomo cha mizunguko 13,300, kwa hiyo inaimudu mashine na ziada inabaki. Diski kubwa ya milimita 230 kikomo chake ni kama 6,600, kwa kuwa ni ya mashine kubwa inayozunguka taratibu. Tatizo ni kwamba tundu la katikati ni lile lile, milimita 22.23. Stoo ikiwa na diski kubwa pekee, au chuma kikiwa kinene, kitu kimoja tu kinaizuia isiingie kwenye mashine ndogo: kinga, yaani kifuniko cha chuma kinachoizingira diski. Basi kinga inafunguliwa.

Hapo ukingo wa diski unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, wakati imetengenezwa kwa 80. Nguvu inayoivuta isambaratike inakaribia mara tatu ya kiwango chake. Ikipasuka, vipande vinakwenda kwa kasi hiyo hiyo usoni, shingoni au mapajani, na kinga iliyopaswa kuvipokea imetupwa chini ya meza. Diski ya msumeno wa mbao nayo isifungwe kwenye grenda kabisa. Meno yake yakinasa, mashine humrukia aliyeishika.

Hata diski iliyo sahihi hurusha mashine ikibanwa. Tazama bomba lililoegeshwa ncha zote mbili, fundi akalikata katikati kuanzia juu. Kadiri mkato unavyoingia ndani, bomba linalegea na kushuka, midomo ya mkato inafumba na kuikaba diski. Mashine inaruka ghafla kumwelekea yeye. Dawa yake ni kulibana bomba kwenye jiliwa, kukata karibu na jiliwa, na kuacha kipande kinachokatwa kining'inie, ili uzito wake uufungue mkato. Kipande kikiwa kirefu, kishikiliwe kisije kikaangukia miguu. Fundi asimame pembeni mwa mstari wa diski, mkono mmoja kwenye mpini wa ubavuni. Mpini huo nao hufunguliwa ovyo, ati unasumbua, ilhali ndio unaompa nguvu ya kuituliza mashine ikiruka.

Diski nyembamba ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Haikuundwa kubeba mzigo wa pembeni; inapinda, inapata ufa, halafu inamvunjikia anayeitumia baadaye. Unyevu pia huidhoofisha gundi iliyoshika chembe zake, kwa hiyo zisilazwe sakafuni penye maji. Kwenye pete ya chuma ya katikati pamechapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Wanunuzi wengi hawaiangalii pete hiyo, nasi tunawasihi waiangalie kabla ya kulipa.

Kubadilisha diski, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mkono ukiigusa wakati spana iko kwenye nati, vidole vinakwenda. Diski mpya iache izunguke bure kwa dakika moja, imeelekezwa pasipo na mtu, kabla ya kugusa chuma. Machoni, ngao ya uso ivaliwe juu ya miwani ya kinga, kwa sababu cheche hupenya kwa chini ya ngao. Miwani ya jua haizuii kitu hapa.

Ombi letu kwa wenye karakana na viwanda ni hili: mtunza stoo asitoe diski kabla ya kuonyeshwa mashine. Asome namba mbili, ya mashine na ya diski, na ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine. Kinga ikiwa haipo, diski isitolewe. Na kazi ikihitaji diski ya milimita 230, mwajiri anunue au akodi grenda kubwa, asimwachie fundi kuchagua kati ya kinga na kibarua chake.

Mafundi wa vyuma