Uskoti hairuhusu gari kulala popote, wala mbwa kukimbia popote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe makala ya ukurasa wa safari iliyotuhimiza sisi Waswahili tunaoishi Uingereza kukodi gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na kuzunguka kaskazini ya Uskoti katika majira haya ya kuchipua. Mandhari aliyoyasifia mwandishi yanastahili sifa hizo. Tatizo ni pale aliposema kwamba sheria ya huko inamruhusu msafiri kulala popote apendapo na kumwachia mbwa wake akimbie atakavyo, kwani atakayelifuata neno hilo anaweza kujikuta mahakamani.

Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya mwaka 2003 kweli inampa kila mtu haki ya kupita na kupiga hema katika sehemu kubwa ya ardhi ya Uskoti, lakini haki hiyo ni ya mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli na mpanda farasi. Chombo chenye injini hakimo. Mwenye gari-nyumba anahitaji kiwanja cha kulipia cha kulala wasafiri au ruhusa ya mwenye ardhi. Vile vipenyo vilivyopanuliwa kando ya barabara nyembamba za Highlands, eneo la milima la kaskazini ya Uskoti, pia si maegesho, bali vimewekwa ili magari mawili yapishane, na anayelala hapo anawafungia njia wenyeji.

Kuhusu mbwa, jambo ni zito zaidi. Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo kondoo wa milimani huzaa, na kondoo mwenye mimba akifukuzwa tu, hata asipong'atwa, anaweza kuharibu mimba. Kwa sababu hiyo Bunge la Uskoti lilipitisha mwaka 2021 sheria inayompa mwenye mbwa anayesumbua mifugo adhabu ya faini inayoweza kufika pauni 40,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Mwongozo rasmi wa matumizi ya ardhi unataka mbwa asiingizwe kabisa katika shamba lenye wanakondoo au ndama, na mahali ambapo ndege hutaga chini afungwe kamba fupi au atembee miguuni pa bwana wake. Ikitokea ng'ombe wakamjia mbwa wako kwa hasira, mwachie kamba akimbie, nawe ushike njia yako, maana wanayemtaka ni yeye.

Nasema haya nikiwa nimetoka huko mwezi uliopita pamoja na mke wangu na mbwa wetu Simba. (Mimi nimekulia Tanga, ambako mbwa hulala uani na kazi yake ni kubweka, bibi yangu angeniona nikimkausha Simba kwa taulo, angeniombea dua.) Mvua tuliyoikuta haikuwa masika ya kwetu, ambayo humwagika kwa kishindo kisha jua likatoka, bali manyunyu ya kutwa nzima yanayoingia hadi kwenye soksi. Usiku wa pili tuliegesha kwenye nyasi za kiwanja kimoja, na kulipokucha magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama kwenye matope. Magari mengi ya aina hii huvutwa na magurudumu ya mbele ilhali uzito mwingi uko nyuma, hivyo kadiri ulivyokanyaga mafuta ndivyo yalivyozunguka na kuchimba. Alitunasua mkulima jirani kwa trekta, akakataa malipo, akapokea chai. Tangu siku hiyo tuliomba nafasi ya kokoto au lami hata kama bei ilizidi kidogo.

Ndani ya gari nako mbwa aliyelowa ana mambo yake. Maji ya manyoya yake hugeuka mvuke, hugeuka matone kwenye vioo, na alfajiri matandiko yote huwa mabichi. Dawa yake ni kufungua kidogo tundu la hewa la paani hata mvua ikinyesha, huku kipasha joto kikifanya kazi. Asije mtu akawasha jiko la gesi ili amkaushe mbwa madirisha yakiwa yamefungwa, kwa maana hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu usingizini. Vilevile mkague mbwa kila jioni, masikioni na kwapani, kwani kupe huanza kuamka majira hayo, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme unaompata hata binadamu.

Namwomba Mhariri achapishe masahihisho kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa najua familia mbili hapa mtaani ambazo zimekwisha lipia magari yao kwa kuiamini makala ile, na mojawapo ina mbwa mchanga ambaye hajawahi kumwona kondoo.

Msomaji wako,
Glasgow, Uskoti