Ujira wa mbebaji usipitie kwa nyapara

Ndugu Mhariri,

Utumwa mamboleo ukitajwa, mwenye kampuni ndogo ya kuhamisha vyombo, yenye malori mawili na wafanyakazi sita, hudhani wanasemwa wenye migodi na viwanda. Shirika la Kazi Duniani (ILO) na washirika wake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa, wengi wao wakitumikishwa na watu na kampuni binafsi, si na serikali. Katika kampuni ndogo, kwa kawaida hatari haipo kwa wale sita. Ipo kwa vibarua wanne wanaotafutwa Ijumaa jioni kwa sababu kesho kuna nyumba ya ghorofa ya tatu isiyo na lifti.

Hao huletwa na nyapara mmoja, hushuka gari moja, na kazi ikiisha fedha zote hukabidhiwa yeye. Akishazipokea anaweza kukata "ada ya kutafutiwa kazi", kodi ya chumba na nauli, mbebaji akabaki na hela ya kula tu. Mwenye kampuni ana risiti mkononi na analala usingizi wake. Mkataba wa ILO Na. 95 wa mwaka 1949 unakataza makato ya namna hiyo, yaani mfanyakazi kukatwa ujira ili apate kazi au asiipoteze. Kwa hiyo kila mbebaji alipwe mwenyewe, kwenye akaunti yenye jina lake, na karatasi ya kazi ya siku hiyo ioneshe jina, saa ya kuanza na kumaliza, kiasi alicholipwa na sahihi yake.

Mara moja kwa mwezi karatasi hizo zipangwe kwa namba za akaunti, simu na anwani. Watu watatu wakitumia akaunti moja, au wanane wakiandika chumba kimoja, ulizeni. Huo si ushahidi, maana ndugu huishi pamoja, lakini kunyamaza nako si jibu.

Kuuliza kuna namna yake. Nyapara asiwepo, wala asiwe mkalimani. Mwiteni mbebaji ghalani kuhesabu maboksi, kisha muulizeni taratibu: kitambulisho chako kiko wapi sasa hivi? Ulimlipa nani ili upate kazi hii? Unadaiwa? Ukitaka kuacha kesho, itakuwaje? Jibu la "pasipoti anayo bosi, ananitunzia" lisipite hivihivi, kwa kuwa kuzuiliwa hati ni kimojawapo cha viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vilivyoorodheshwa na ILO. Na kampuni yenyewe isijisahau: iangalie hati halisi, itoe nakala, imrudishie mwenyewe palepale.

Kuna mtego mwingine ambao kazi yetu ya kubeba vyombo inauzalisha yenyewe, nao ni deni la kuvunja. Kioo cha kabati kimepasuka kwenye ngazi; mteja anadai, na bosi anamwandikia mbebaji gharama yote kwenye daftari. Kabla hajaimaliza, meza imekwaruzwa. Baada ya miezi michache mtu anafanya kazi ya kulipa vioo, na hawezi kuondoka. Hasara hiyo ni ya bima ya mizigo, na ile sehemu ambayo bima hailipi ni gharama ya biashara. Piga picha samani kabla ya kuzibeba, weka watu wawili kwa kila kitu kizito, na daftari la madeni ya kuvunja lifungwe kabisa.

Mkandarasi mdogo anayechukua kazi kwa niaba yenu apimwe kwa hesabu. Wabebaji 4 kwa saa 10 ni saa 40 za kazi. Zidisha kwa kima cha chini cha mshahara kinachotambulika kisheria, ongeza mafuta, gari na bima. Bei yake ikiwa chini ya hapo, yuko anayefidia tofauti, na mara nyingi ni mbebaji. Anza na walio karibu: wasafishaji wa ghala, waosha malori, walinzi, mawakala wa ajira. Halafu ndipo uende kwa maboksi, mablanketi ya kufungia samani na glovu. Mwaka 2020 na 2021 forodha ya Marekani ilizuia glovu za mpira za baadhi ya watengenezaji wa Malaysia kwa dalili za kazi ya kulazimishwa, yakiwemo madeni ya wafanyakazi wahamiaji waliolipishwa ada za ajira. Kampuni ndogo haiwezi kwenda kukagua kiwanda, ila inaweza kumtaka muuzaji aandike bidhaa imetengenezwa wapi na nani alilipa ada za wafanyakazi. Asiyetaka kujibu kabisa, mtafutie mbadala.

Fomu za maswali zinazotumwa na wateja wakubwa, kwa mfano wale wanaobanwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa mamboleo, zisitiwe sahihi bila kusomwa. Ukiandika "tumekagua" nawe hujakagua, umejifunga mwenyewe.

Tatizo likionekana, makosa huwa mawili. La kwanza ni kumbana nyapara papo hapo. Kesho watu wale watakuwa wamehamishwa na vitisho vimeongezeka. La pili ni kuvunja mkataba siku hiyohiyo ili kampuni ijisafishe, wabebaji wakaachwa na deni bila kazi. Andika ulichokiona na tarehe, zungumza na mhusika faraghani, mpe namba ya chombo kinachosaidia waathirika, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya kazi au polisi. Hatari ya mwili ikiwepo, piga simu ya dharura bila kusubiri.

Wabebaji wafundishwe pia kutazama nyumba wanazozihamisha. Godoro la mfanyakazi wa ndani likiwa chini ya ngazi, na kitasa cha mlango wake kikifungwa kwa nje, wasimhoji mbele ya mwajiri. Wamweleze msimamizi wao siku hiyohiyo, kabla lori halijaondoka na anwani mpya haijasahaulika.

Wasimamizi wa kazi za kuhamisha vyombo