Vijana wetu wana adabu, tuwafundishe kuuliza kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu lawama ninayoisikia mara kwa mara hapa Dodoma, hasa tangu jiji letu lilipoanza kupokea wageni wengi wa mikutano, wa semina na, kuanzia mwaka 2024, wa treni ya SGR. Inasemwa kwamba vijana wanaowahudumia wageni hao hawana adabu wanapozungumza Kiingereza. Nimelifundisha somo hilo katika shule za sekondari za mkoa huu kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na ninaamini kwa dhati kwamba lawama hiyo inawaangukia wasiostahili. Adabu vijana hao wanayo tangu nyumbani. Sisi walimu ndio hatukuwaonyesha mahali ambapo Kiingereza huiweka.

Binti mmoja niliyemfundisha anafanya kazi mapokezi katika nyumba ya kulala wageni. Siku moja alifika mgeni kutoka nje ya nchi, naye binti akamwambia, "You give me your passport." Mgeni alikunja uso, akapeleka malalamiko kwa meneja, na binti akapewa barua ya onyo. Alipokuja kwangu akiwa amejiinamia, nilimuuliza alikuwa amekusudia kusema nini kwa Kiswahili, akanijibu bila kusita: "Unipatie pasipoti yako." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ametafsiri kwa uaminifu mkubwa. Kila aliyekulia katika Kiswahili anajua kuwa "nipe" na "unipatie" si kauli za uzito mmoja, kwa sababu ile "u" ya mwanzo humwachia msikilizaji nafasi ya kupumua. Kitenzi cha Kiingereza hakina umbo la namna hiyo. Ukikihamisha neno kwa neno, upole wote unabaki njiani na kinachomfikia mgeni ni amri, tena amri yenye ukali zaidi, kwa kuwa kutanguliza "you" mbele yake ni sawa na kumnyooshea mtu kidole. Hata angeongeza "please", ingebaki kuwa amri iliyovishwa neno zuri.

Mwenye Kiingereza chake angesema "Could I have your passport?" au "May I see your passport?" Ombi limegeuzwa kuwa swali, na mzigo wote wa heshima umebebwa na kitenzi kisaidizi, yaani hiyo "could" au "may", kilichotangulia mtenda. Tukumbuke pia kwamba kwetu swali halitoki peke yake. Mgogo wa hapa huanza na "mbukwenyi", Mswahili huanza na shikamoo au habari za tangu asubuhi, na baada ya salamu kuitikiwa vizuri, hata ombi fupi haliwezi kumuudhi mtu. Mgeni anayesema "hello" na kuingia moja kwa moja kwenye shida yake hajatudharau. Heshima yake ameiweka ndani ya swali lenyewe. Ndiyo maana swali likikosewa umbo, kwake hakuna salamu ndefu iliyotangulia ya kulisitiri.

Kanuni za sarufi hapa ni chache, na wanafunzi wetu huzimeza bila taabu: kitenzi kisaidizi kinakaa mbele ya mtenda, hakihitaji "do" ya kuuliza, na kitenzi kinachokifuata kinabaki kitupu, bila "to" na bila "s". Kwa hiyo "Do you can help me?" ni kosa, na "Could you to help me?" ni kosa vilevile.

Kinachowatatiza ni maana. Karibu kila mwaka nilikuwa na mwanafunzi aliyeniuliza kwa nini "could", ambayo jedwali la vitenzi linasema ni wakati uliopita wa "can", inatumika kuomba jambo la sasa hivi. Kwa miaka mingi nilimjibu kwamba ndivyo Waingereza walivyozoea, jibu ambalo leo linanisikitisha, kwa sababu jibu lililo sahihi lilikuwa mdomoni mwa mwanafunzi mwenyewe. Ingia soko la Majengo usikilize mteja anavyomwendea muuza zabibu: "Samahani mama, nilikuwa naulizia bei." Ingia ofisi yoyote usikilize mwananchi mlangoni: "Nilikuwa naomba kumwona afisa ardhi." Hakuna anayedhani kwamba mtu huyo alikuwa akiomba jana na leo ameacha. Wakati uliopita umetumika kulisogeza ombi mbali kidogo na uso wa anayeombwa, ili akikataa asione aibu, na aliyeomba naye asifedheheke. Kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa na "could", na pia na kauli ndefu ya "I was wondering if you could", ambayo wanafunzi huiogopa ilhali ni ndugu wa "nilikuwa naomba".

Kwa "would" tunayo "nge". Asemaye "ningependa kujua" au "ungekaa kidogo, baba, anakuja" ameliweka jambo katika hali ya kudhania ili asimlazimishe mtu, na mwanafunzi aliyekwisha kuliona hilo katika lugha yake hawezi kusahau kwamba "I want water" na "I would like some water" hazipokelewi kwa namna moja. Vivyo hivyo kwa maswali yetu mafupi yanayoishia na "e". "Niingie?" ni "May I come in?" "Nikuletee maji?" ni "Shall I bring you some water?" "Twende?" ni "Shall we go?" Kijana anayesema "I bring you water?" hajakosa ukarimu hata kidogo, ila hajaambiwa kwamba ile "e" yake ina mwenzake upande wa pili.

Kuna suala la "can" na "may", ambalo ninaona linapewa uzito kuliko linavyostahili. Tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba "can" huulizia uwezo tu na kwamba ruhusa huombwa kwa "may". Wenye lugha yao wanasema "Can I sit here?" kila siku bila kumkosea mtu, na "may" imebaki kuwa ya rasmi zaidi. Kumkata mwanafunzi alama kwa "can" ya kuombea ruhusa ni kumwadhibu kwa kosa ambalo si kosa, wakati amri zake tupu tunazipitisha kwa sababu sarufi yake imenyooka.

Na amri hizo amezitoa wapi? Hili ninalisema nikijihesabu miongoni mwa wenye makosa. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari zetu, na kwa watoto wengi wa maeneo ya mkoa huu kama Kikuyu, Chamwino au Bahi, mwalimu ndiye mtu pekee wanayemsikia akiizungumza. Wanamsikia akisema nini kutwa nzima? "Stand up." "Keep quiet." "Bring your books." Mwalimu huyohuyo akigeukia Kiswahili atasema, "Hebu naomba chaki, mwanangu." Tofauti yake ni hodi ya darasani: "May I come in, Sir?" na "May I go out, Madam?" wanafunzi huzisema bila kosa tangu muhula wa kwanza, hata wale walio dhaifu kabisa katika mitihani, kwa kuwa walipewa sentensi nzima, wakati wake na sababu ya kuisema. Vitenzi vingine viliachwa vikae kwenye jedwali la ubaoni.

Ninawaomba basi walimu wenzangu walioko kazini, hasa wa kidato cha kwanza, waanze kesho kwa kuomba chaki kwa Kiingereza kama wanavyoiomba kwa Kiswahili: "Could you pass me the chalk?" Ninawaomba pia wanaoandaa vitabu vya kiada waviweke vitenzi hivi ndani ya mazungumzo ya dukani, stendi, hospitalini na mapokezini, vikiwa bega kwa bega na "nilikuwa naomba" na "ningependa" zetu. Kuitumia lugha ya mtoto kama daraja hakupunguzi Kiingereza chake.

Yule binti nilimwandikia sentensi tatu kwenye daftari lake la zamu: moja ya kuombea pasipoti, moja ya kumuuliza mgeni kama aitiwe bajaji, na ya tatu ya kumwomba asubiri, "Would you mind waiting?" Baada ya wiki alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameitumia ile ya tatu, na mgeni akamjibu "No". Akadhani amekataliwa, akaanza kuomba radhi, ilhali mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti akitabasamu. Nilimweleza kwamba swali hilo linauliza kama kusubiri kutamkera mtu, kwa hiyo "no" ni kusema halimkeri, yaani amekubali. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: je, nami nikiulizwa hivyo, nikajibu "yes" kwa heshima, nitakuwa nimekataa? Nikamwambia ndiyo, utakuwa umekataa, na akaniomba nisubiri akachukue kalamu.

Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.