Shabu si ya tenki la sianaidi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wenzangu wanaofanya kazi kwenye marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa ambayo bado yana dhahabu, na wenye mamlaka nao wasikie. Mimi ni msimamizi wa maji kwenye planti ya kuchenjua marudio hapa Nyarugusu, Geita, kwa sianaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Maji ya tope yakitoka kwenye matenki, kazi yangu ni kuyatuliza mpaka yawe meupe, yarudi kazini. Kiangazi tunanunua maji kwa boza, na maji yakirudi na tope yanaziba kaboni inayokamata dhahabu. Kwa hiyo tope lisipotulia tunapata hasara mara mbili.

Na tope la karasha halitulii kama mchanga wa mtoni. Karasha husaga mwamba mpaka ukawa laini kuliko unga wa muhogo, na udongo wa mfinyanzi uliomo ni laini zaidi ya hapo. Chembe ya maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, huchukua karibu wiki 2 kushuka mita moja tu kwenye maji yaliyotulia kabisa. Ikiwa nusu ya ukubwa huo, muda huwa mara 4. Tena chembe hizo zina chaji ya umeme ya aina moja, hasi, kwa hiyo zinasukumana na hazishikani. Ukitaka zishuke, lazima uzikusanye ziwe madonge.

Hilo mama zetu walilijua zamani. Nilikulia Shinyanga, tukinywa maji ya lambo. Mama alikuwa na kipande cha shabu amekifunga kwenye kitambaa. Anakizungusha ndani ya ndoo mara chache, anaiacha, na jioni tope lote liko chini. Shabu ina aluminiamu, nayo huondoa ule msukumano, chembe zikaanza kugandana. Kwa ndoo ya nyumbani ni kitu kizuri, sina neno nacho.

Lakini mwaka jana, mwezi wa Septemba, kijana wetu wa miaka 22 alifanya kazini yale aliyoyaona kwao. Alikuta maji kwenye tenki la lita 2,000 yamekataa kutulia, akanunua shabu, akaiponda, akamimina karibu nusu ndoo. Hakutumwa na mtu, alitaka kusaidia. Maji yale yalikuwa na sianaidi. Nilipofika alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, anasema kizunguzungu, kifua kinambana. Tulimvuta upande upepo unakotokea, tukamkimbiza zahanati. Baadaye nilichovya karatasi ya kupimia pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi majini. Siku zote inatoka buluu iliyokolea, siku ile ilitoka kijani.

Kijani kile kinaeleza kila kitu. Tunaweka chokaa ili pH ibaki juu ya 10, kwa sababu hapo sianaidi inakaa ndani ya maji. pH ikishuka chini ya 9 sehemu kubwa ya sianaidi inageuka gesi, na gesi hiyo inaua. Wanasema inanuka kama lozi chungu, lakini wapo watu ambao pua zao haziisikii kabisa, kwa hiyo usitegemee harufu. Shabu ikiingia majini huleta asidi na kuimaliza chokaa, pH inashuka, ndiyo maana karatasi ilitoka kijani. Kijana alipona, namshukuru Mungu. Nikikumbuka kwamba ningechelewa kidogo tu, usingizi unanipaa.

Kinachotumika kwenye maji yetu ni flokulanti, unga mweupe wa poliakrilamaidi. Huu hauleti asidi. Ni nyuzi ndefu sana zisizoonekana kwa macho, uzi mmoja unashika chembe nyingi kwa pamoja. Kila asubuhi naujaribu kwenye chupa ya maji ya kunywa niliyoijaza tope. Natia kidogo, nageuza chupa polepole mara 4 au 5, na mbele ya macho yangu tope linakatika kama maziwa yaliyolala: mabonge yanatengana na maji, yanashuka kwa pamoja, juu panabaki peupe. Nimeifanya kazi hii miaka 9 na bado nasimama kuitazama ile chupa.

Unga huu unataka utaratibu. Natumia gramu 1 kwa lita 1 ya maji safi, naunyunyiza taratibu huku mwenzangu anakoroga. Ukiumwaga wote kwa mara moja unafanya mabuja kama uji wa haraka, nje utelezi, ndani mkavu, na unga umepotea. Nauacha uloe saa nzima au zaidi. Ukishaingia kwenye tope, usikoroge kwa nguvu wala kulipitisha tope kwenye pampu kali, maana nyuzi zinakatika na madonge yakivunjika hayaungani tena vizuri. Na ukizidisha, maji yanakuwa mlenda, kaboni inaziba. Gramu 25 kwa tani moja ya tope kavu mara nyingi zinatosha. Mfuko wa kilo 25 kwa kiasi hicho unahudumia tani 1,000.

Sasa ombi langu. Mifuko ninayouziwa imeandikwa Kiingereza na Kichina. Haya niliyoyaandika hapa nilifundishwa kwa mdomo na fundi mmoja aliyepita, na asingepita nisingeyajua. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia kemikali. Naiomba iwalazimishe wauzaji kuweka karatasi ya Kiswahili kwenye kila mfuko wa flokulanti na kila pipa la sianaidi, ikiwa na kipimo, namna ya kuchanganya, na maneno haya kwa herufi kubwa: USITIE SHABU WALA KITU CHOCHOTE CHENYE ASIDI. Na maofisa wa Tume ya Madini wakija kukagua, waulize pia kama vijana wa zamu wana karatasi za kupimia pH, na kama wanajua kuzisoma.

Wenzangu, jambo moja zaidi. Maji yakiwa meupe bado yana sianaidi. Flokulanti inashusha tope tu. Zungushieni mabwawa uzio, ng'ombe wa jirani wakiona maji maangavu watakunywa.

Mimi nimeshabandika karatasi yangu ya mkono kwenye ukuta wa stoo. Planti yoyote ya hapa Nyarugusu inayotaka kuinakili, waje hata kesho.

Msimamizi wa maji,
Nyarugusu, Geita